Karanga za Mbegu

Kabla sijaandika lolote, naomba tupa yangu ya nusu duara, ile ya kusugulia chuma, irudishwe. Ilikuwa kwenye droo ya juu, imeviringishwa kipande cha khanga, siku ile mliyonunua soda na keki ya kuniaga. Tangu siku hiyo sijaiona. Ninyi vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi ili yasipotee, na kitu cha kwanza kupotea ni chombo changu. Mtu asinijibu kwamba sina haja nayo tena. Naitaka.

Mnaniita mstaafu, na kila mkilitamka neno hilo mnacheka, kwa sababu sina hata unywele mmoja mweupe. Chekeni. Wenzangu wa rika langu ndio kwanza wanafungua karakana zao. Mimi yangu nimewaachia ninyi kwa sababu mikono imegoma. Ngozi ilianza kuchubuka katikati ya vidole, ikapasuka, ikatoa maji, ikapona, ikapasuka upya. Daktari aliniuliza kazini nagusa nini. Nikamtajia: oili, grisi, petroli, mafuta ya taa ya kuoshea spea, sabuni ya unga ya kuoshea mikono. Akaniambia nichague, kazi au ngozi. Nilijaribu glovu. Ukivaa glovu hujui kama nati imeingia sawa au imeingia upande, na mtu kama mimi, asipojua hilo, halali.

Mnajua nilivyo. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikikaza nati, nikifika nyumbani najiuliza kama niliikaza. Mke wangu husema nilioa wasiwasi kwanza, yeye ni mke wa pili.

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nilifika Tabora kwa treni ya Kigoma pamoja na mjomba, tukiwa tunaelekea Dar es Salaam. Homa ilinizidi njiani, nikateremshwa, nikalazwa. Mjomba alisubiri, akachoka, akaendelea na safari. Nilipopona nilikuwa kijana mwenye begi la nguo, bisibisi chache, na Kiswahili kilichowachekesha wauguzi. Ufundi sikuusomea popote. Nilichojua nilikijua kwa kufungua vitu vya watu na kuogopa kwamba sitaweza kuvirudisha.

Aliyenipa kazi alikuwa Mzee Sefu, fundi baiskeli wa mtaa wa Isevya, mtu wa mji tangu enzi za misafara. Babu ya babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani, na Mzee Sefu hakuacha kulitaja jambo hilo kila alipotaka nimbebee kitu. Karakana yake ilikuwa baraza la nyumba yake: pampu, beseni la maji ya kutafutia pancha, redio ya kusikilizia mpira, na kopo la misumari iliyonyooshwa. Vyombo vyake vyote alikuwa amewaazima watu, na vyote alivyotumia vilikuwa vya watu wengine.

Siku ya kwanza aliniachia baiskeli ya muuza maziwa, akasema ziba pancha, akaenda kunywa kahawa. Nikaziba. Lakini nilipozungusha gurudumu nikaona linayumba. Nikakaza spoku. Likayumba upande wa pili. Nikalifungua lote. Muuza maziwa alikuja, akakuta gurudumu lake limelala chini, spoku zimepangwa kwenye gunia kwa urefu. Akaondoka. Akarudi jua likiwa limekwisha, maziwa yake yamegeuka mgando.

"Nilikuambia uzibe pancha," alisema Mzee Sefu. "Nilikuambia umtibu?"

"Gurudumu lilikuwa linayumba, mzee."

"Linayumba tangu mwaka juzi. Na yeye anayumba nalo. Wamezoeana."

Kisha akamgeukia muuza maziwa. "Msamehe. Ni Mkongo. Kwao baiskeli zinachezeshwa muziki kabla ya kutengenezwa."

Hilo nalo lilinichosha. Mteja akisikia lafudhi yangu, anauliza gitaa liko wapi. Nikimwambia sijui kupiga gitaa, ananitazama kama mtu aliyeuziwa kuku asiye na mapaja. "Basi cheza kidogo." Sijui kucheza. "Sasa wewe ni Mkongo wa kazi gani?" Wa kutengeneza baiskeli yako, bwana, shuka nikuangalizie breki.

Neno la kazi la Mzee Sefu lilikuwa moja: inatosha. Alikaza mpaka inatosha, alijaza upepo mpaka inatosha. Ukimuuliza inatosha kiasi gani, anasema kiasi cha kutosha. Nililichukia neno hilo kuliko nilivyoichukia kutu. Lakini sitawadanganya: baiskeli alizozitengeneza zilikwenda, na zangu zilikuwa bado zimelala kwenye gunia.

Baadaye nilianza kuitwa kwenye mashine kubwa. Mnipe nafasi niseme moja tu, ya Igunga, kwa sababu bado inaniudhi. Ilikuwa mashine ya kukoboa mpunga, na mkanda wake ulikuwa umeungwa kwa kipande cha ndala na waya. Ndala, ile ya kuvaa bafuni. Nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi. Nikakiondoa, nikafunga mkanda mpya, nikaupima, nikaupima tena, nikarudi Tabora kwa basi nikijisifu. Nikaitwa tena. Jiwe lilikuwa limeingia kwenye mpunga, mkanda wangu mzuri haukukubali kuteleza, na shafti ikapinda. Zamani jiwe likiingia, ndala ndiyo iliyokatika, wakafunga nyingine, kazi ikaendelea. Nikamuuliza mwenye mashine kwa nini hakuniambia. Akasema hakujua. Alichojua ni kwamba palikuwa na ndala siku zote.

Nenda ukafanye kazi na watu wa namna hiyo.

Sasa nifike kwenye mashine ya karanga, ambayo najua ndiyo mnayoitaka.

Pale Isevya majirani wengi walibangua karanga za biashara barazani. Niliwaona wamefunga plasta kwenye madole gumba. Mashine za kubangulia zipo, mnazijua, lakini zinapasua, na karanga ya kula ikipasuka hakuna anayelia. Karanga ya mbegu ni kitu kingine. Ikigawanyika vipande viwili, au ikivuliwa ile ngozi yake nyekundu, haioti. Ndiyo maana mkulima huiacha ndani ya ganda lake mpaka mvua zikaribie, kisha ndipo inabanguliwa kwa haraka, kwa vidole, nyumba nzima ikiwa imekaa kuzunguka ungo. Nikajiambia nitatengeneza mashine ya kubangua karanga za mbegu. Hakuna aliyeniomba. Wasiwasi wangu ulikuwa umekosa kazi, ukaitafuta.

Nilichukua fremu ya baiskeli, nikaikalisha chini. Pedali na cheni vinazungusha mhimili wenye mbao, mbao nikazivisha mpira wa tairi ili zisiponde. Chini yake nikaweka chekeche la bati lililopinda kama nusu ya pipa. Karanga inasuguliwa kati ya mpira na bati, ganda linavunjika, mbegu inaanguka kwenye tundu. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Kwa kweli bati lililotobolewa kwa msumari lina kingo kali, na kila tundu lilikuwa kisu kidogo. Nikaanza kuyapiga tupa, tundu moja moja, yote. Kwa tupa ile ya nusu duara. Mmeelewa sasa?

Mzee Sefu alikuja kuitazama na kikombe chake cha kahawa. "Baiskeli isiyokwenda popote," alisema. "Mkongo, umegundua kiti."

Kila nilipoijaribu, wapita njia walisimama, wakachota, wakatafuna. Mmoja alinishauri niongeze chumvi. Nikazisogeza mbao karibu na bati kwa washa moja, kile kibati cha chini ya nati, karanga zikapasuka. Nikaziweka mbali, karanga zikatoka na maganda yake kama zilivyoingia. Nikarudisha washa. Karanga za huku hazilingani ukubwa, ndilo tatizo, kwa sababu watu wanachanganya mbegu za shangazi na za jirani na za sokoni. Nilifikiria kuwaandikia wakulima wote wa mkoa huu wapande karanga za saizi moja. Nililifikiria kweli.

Ndipo akaja Mama Kulwa. Alikuwa mkulima wa Usinge, mjane, amemleta mjini binti yake Doto kujifungua. Doto na pacha wake Kulwa ndio waliokuwa wakimsaidia kubangua kila mwaka. Sasa Doto ana kichanga, Kulwa ameteguka mkono, na mama mwenyewe vidole vyake vilikuwa vimekakamaa hata kufunga kitenge kulimsumbua. Alisimama mbele ya mashine muda mrefu.

"Mwanangu, hii inapasua?"

"Shikamoo mama. Inapasua kidogo."

"Marahaba. Kidogo kiasi gani?"

"Haiko tayari, mama. Mwakani itakuwa tayari."

"Na mwaka huu nile nini, mwakani?"

Magunia yake yalikuwa mawili, ndiyo mbegu yake yote, na wingu lilikuwa limeshaanza kukaa upande wa Kaliua. Asipobangua, hapandi. Nikizipasua, hapandi pia, na itakuwa ni kwa mkono wangu. Nikamwambia siwezi. Nikaenda nyuma ya nyumba kunawa grisi mikononi. Niliporudi, Mama Kulwa alikuwa anatabasamu, na Mzee Sefu anakwangua sukari chini ya kikombe.

"Nimeshamwambia unakwenda," alisema. "Inatosha hiyo mashine."

"Haitoshi, mzee!"

"Basi itatosha ikifika."

Niliifungua vipande, nikapanda treni nayo. Usinge nilishuka na fremu begani na bati kichwani, na nilimkumbuka yule babu ya babu yake Mzee Sefu, sikumkumbuka kwa wema. Kabla ya safari nilikuwa nimempigia Mama Kulwa simu, nikamwambia polepole, kwa Kiswahili changu kizuri kuliko vyote, jambo moja tu: karanga ziwe kavu kabisa.

Nilimkuta uani. "Mwangaluka, fundi," alinisalimu kwa Kinyamwezi, nami nikaitika. Nikaingiza mkono kwenye gunia. Karanga zilikuwa zimelowa.

Magunia yote mawili. Alikuwa amezinyunyizia maji jana yake na kuzifunika.

"Mama, nilisema kavu."

"Nilikusikia. Lakini nikaionea huruma mashine. Maganda ya mwaka huu magumu. Nimeilainishia."

Kila mtu huku anafanya hivyo. Kabla ya kubangua kwa vidole, unanyunyiza maji ili dole gumba lisiumie. Mashine yangu haina dole gumba. Nilitia konzi moja, ganda likajikunja kama kitambaa, likaziba matundu, na ndani yake mbegu ikatoka imefinyika. Nikasimamisha. Mbegu iliyolowa huwezi kuifunga tena kwenye gunia, itaoza. Majirani walikuwa wameanza kupanda. Nilihisi masikio yangu yanawaka.

"Nani alikuambia ulainishe, mama? Nani?"

"Nani aniambie? Nimebangua karanga kabla mama yako hajamjua baba yako."

"Basi hii haifanyi kazi! Nimekuja na vyuma kichwani bure!"

"Usinipigie kelele uani kwangu. Kaa na chuma chako. Sisi tutabangua kwa mikono, kama tulivyofanya kabla hujaugua homa yako ya kwenye treni." Mzee Sefu alikuwa amemsimulia kila kitu, bila shaka.

Akaita majirani, wakatandika turubai, wakazianika zipungue maji. Mimi nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye kinu kilichopinduliwa, nikanuna. Watu wazima hawasemi kwamba wananuna, lakini nimeahidi kusema ukweli. Nilihesabu makosa ya kila mtu tangu Kalemie nilikotoka. Jua lilikuwa kali, lile la kabla ya mvua, linalouma kichwani.

Nikasikia mlio. Tak, tak, tak, tak. Mlio mkavu, mzuri, ambao mashine ile haikuwahi kuutoa Isevya. Nikakimbia. Kulwa, mwanaume mzima mwenye mkono mmoja kwenye bandeji, alikuwa amekalia baiskeli yangu anapiga pedali.

"Shuka! Nani kakuruhusu? Shuka!"

"Tazama kwanza, fundi," alisema, haachi kupiga.

Nikatazama kwenye ungo. Mbegu nzima. Nyekundu, na ngozi zake. Nikachukua karanga moja kutoka kwenye turubai, nikaivunja kwa vidole. Jua lilikuwa limelikausha ganda likawa kama karatasi, lakini ndani mbegu ilikuwa bado ina unyevu, laini kidogo, haipasuki kwa urahisi. Miezi yote ile nilikuwa naziponda karanga kavu nje, kavu ndani. Kama mama huyu asingezilowesha, na kama tusingegombana mpaka akazianika kwa hasira, nisingejua. Yeye hakujua. Mimi sikujua. Hata Kulwa alijaribu tu kwa sababu alichoka kunisikia nikilalamika.

Nikamwambia asimame ili tupime. Tuzianike kwa vipindi tofauti, tulinganishe. Mama Kulwa alinyoosha kidole juu. Wingu lilikuwa jeusi.

"Mkongo, piga pedali."

Nikapiga. Nilipiga bila kupumzika, akina mama wakimwaga, wakipepeta, wakicheka jinsi ninavyokaza uso. Kila iliyopasuka niliiona, kila moja ilinichoma. Nikaanza kuziokota nizitenge.

"Unafanya nini?" aliuliza Mama Kulwa.

"Hizi zimeharibika, mama. Nisamehe."

Akazichukua, akazitupa kwenye chungu. "Nzima inapandwa, iliyopasuka inaungwa kwenye mboga. Ulidhani kwa vidole hatupasui?"

Matone ya kwanza yalianguka tukiwa tunaingiza gunia la mwisho.

Mngedhani hapo nilifurahi. Nilirudi Isevya nikaanza kuogopa zisiote. Labda zimechubuka mahali nisipoona. Labda ule unyevu umezidhuru. Mama Kulwa hapigi simu, yeye hupigiwa. Nikampigia.

"Mama, zimeota?"

"Fundi, jana ndiyo tumemaliza kufukia."

Nikampigia tena, na tena. Mara ya mwisho alipokea Kulwa, akasema mama amekataa kuzungumza na mtu anayeharakisha ardhi. Siku nyingine simu ikalia yenyewe, nikaacha nati mdomoni.

"Zimeota," alisema Mama Kulwa. "Mistari imejaa."

"Yote?"

"Pasipoota, kwale amefukua. Nimpe simu, umuulize?"

Mashine niliiacha kwake. Nyingine nilizotengeneza baadaye mnazijua, na ninyi mnazitengeneza sasa bila kupiga tupa matundu yote, msidhani sijui. Kisha mikono ikaanza, daktari akasema alichosema, nikawaachia karakana. Mzee Sefu, ambaye bado anaziba pancha barazani kwake, alihamaki kweli. "Umestaafu kabla yangu?" alisema. "Adabu gani hii?"

Msimu huu wa kubangua nilikwenda Usinge, mtu asiye na kazi lazima aende mahali. Niliikuta mashine uani kwa Mama Kulwa, na afadhali nisingeikuta. Mpira wa tairi umeondolewa, mahali pake zimewekwa ndala, moja ya bluu na moja nyekundu. Pedali moja ni kipande cha mti. Cheni imepakwa mafuta ya mawese. Mwana wa Doto, ambaye sasa anakimbia huku na huku, alikuwa ameufanya usukani kuwa mbuzi wake. Nikanyoosha mkono nikaze waya mmoja tu, mmoja, Mama Kulwa akanipiga kofi mkononi.

"Daktari wako alisema nini?"

Nikatia mikono mfukoni. Wakaanika karanga zilizonyunyiziwa, wakazigusa, wakasema bado, wakasema sasa. Hakuna aliyepima. Tak, tak, tak, tak.

Mwishoni hubaki zile karanga ndogondogo ambazo mashine inaziruka. Hizo hubanguliwa kwa vidole, na mgeni naye hupewa zake. Mama Kulwa akaniwekea ungo mapajani. Karanga hazina oili wala petroli, sikuwa na kisingizio. Nikaanza. Dole gumba likauma mapema mno.

"Fundi," alisema, bila kuinua macho kwenye ungo wake. "Unazipasua."

Nilikuwa nimepasua moja, natafuta pa kuificha. Akaichukua vidoleni mwangu, akaitupa kwenye chungu, akaniongezea konzi nyingine.

Nilipokuwa naondoka nilichungulia chekeche. Kona ya kushoto, chini, kuna tundu moja lenye kingo kali. Moja tu. Mama Kulwa anasema tundu hilo lipo miaka yote na halimsumbui mtu. Lakini nimeliona. Kupiga tupa hakuhitaji oili, nimemuuliza daktari. Kwa hiyo irudisheni tupa kwenye droo ya juu, ndani ya khanga yake, na aliyeichukua ni nani, sitauliza.